Spika ya Semboja

Spika ni moja, ya Semboja wa mwaka wa pili,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli, pembe moja imepasuka.
Alasiri ilikuwa ya mgombea, Barabara ya Kumi na Mbili:
taa uchochoroni, mtaro uzibuliwe,
"na vijana wetu wa chuo, oyee!"
Tukaitika. Boom lilikuwa halijaingia
na pilau lilinukia.

Usiku ikarudi hosteli, bado ya moto.
Semboja akaitia baikoko.
Mwanamvua akavua viatu, akacheza juu ya godoro,
jirani akagonga ukuta kwa hasira,
akagonga, akagonga,
mpaka tukasikia anagonga kwa mdundo.

Jumatatu akaikodi mpinzani. Elfu kumi na tano, bila risiti.
Maneno yaleyale: taa, mtaro, vijana oyee.
Spika haikuona haya.
Mimi niliona, kidogo.

Siku ya kura nikapanga foleni tangu saa moja.
Karani Kilua akapekua daftari, akalamba kidole, akapekua tena.
"Humo humu, mwanangu. Wewe mpangaji."
Miaka miwili namlipa kodi Bi Chausiku,
mtaro ule nimeuzibua kwa jembe la kuazima,
na siku ya pilau waliniambia, kula, uko kwenu.

Usiku narudi kwa uchochoro, napapasa ukuta.
Dirishani Semboja anajaribu spika:
moja, mbili,
moja, mbili.
Hafiki tatu.
Lakini angalau yupo anayehesabu.