Kivuko cha Saa Tatu

Tulifika gatini Ceiba alfajiri, mimi na Yadiel,
masanduku mawili, na feni mpya bado bokisini,
ile aliyoiagiza shangazi Carmín kwa simu mara nne.
Kivuko cha saa tatu, wakasema, kitaondoka saa tano.
Saa tano wakasema injini.
Saa saba hawakusema kitu.

Mbele yetu mzee amekumbatia betri ya gari
kama mtoto aliyelala. Nyuma yetu maharusi
kutoka Ohio, wekundu tayari, wanaipiga picha foleni.
Jua halikuwa na haya.
Yadiel, miaka tisa, mzaliwa wa theluji ya Hartford,
akaniuliza: "Mama, ndiko huku unakokusifu kila Krismasi?"
Nikamnunulia maji.

Tulipovuka, bahari ilitutikisa kama anayechekecha unga.
Bi harusi akatapika ndani ya kofia yake.
Mzee hakuiachia betri.
Halafu Vieques ikajitokeza, kijani, imelala ubavu,
na mimi niliyeapa sitalia mbele ya mtoto
nikajifanya chumvi imeniingia machoni.

Nisikudanganye kuhusu ufuko.
Mwani ulikuwa umerundikana hadi magotini,
unaoza, unanuka mayai viza.
Tukatandika taulo mbali, penye kivuli.
Akaja farasi asiye na mwenyewe,
akala tikiti letu, na maganda, na nusu ya kofia yangu ya ukili,
akatutazama kana kwamba chumvi imepungua.
Yadiel alicheka mpaka akakaa chini.
Tangu uwanja wa ndege hakuwa amecheka.

Umeme ulikatika usiku wa kwanza,
feni ikiwa imezunguka dakika kumi na moja.
Shangazi hakushtuka. Akafungua milango yote miwili:
"Hapa umeme ndiye mgeni. Tumeshazoea kumsindikiza."
Wengine hupewa jembe siku ya tatu;
sisi siku ya pili tulipewa ndoo,
maana bomba nalo lilikuwa limenyamaza.

Nilikuwa nimelipia mapema, dola mia na kitu,
twende usiku kwenye ghuba ambayo maji yake huwaka
ukiyagusa kwa kasia. Sikutazama kalenda.
Mwezi ulikuwa mpevu, umejaa kama sinia,
na Wilnelia, kiongozi wetu, hakutuficha:
"Leo mtaona kidogo. Mwezi ana wivu."
Mitumbwi ya plastiki. Mbu.
Maji meusi tu, kama chai ya jana.
Yadiel akachovya kidole, akakifuta kwenye fulana.

Kisha wingu. Kisha mvua, ile ya kumwagwa kwa karai,
tukaguna wote, maharusi wa Ohio wakalaani waziwazi,
nami nilikuwa nazihesabu dola zangu
pale tone la kwanza lilipogonga maji, na maji yakajibu.
Tone, cheche. Tone, cheche.
Ghuba nzima ikachachatika
kama mtu anakaanga nyota.
Hakuna aliyepiga picha; simu zilikuwa zimefungwa kwenye nailoni.
Wilnelia mwenyewe aliacha kasia.
"Mwaka wa sita huu nafanya kazi hii," akasema,
na hakumaliza.
Yadiel alikuwa amekinga viganja viwili.

Siku nne zaidi. Vipele vya mbu arobaini na viwili, alivihesabu.
Mkate ghali kuliko wa Hartford, kwa kuwa nao ulipanda kivuko.
Jioni moja shangazi akanifungulia chumba cha nyuma,
kitanda kimetandikwa
kwa ajili ya mtu anayerudi moja kwa moja.
Hakusema neno.
Mimi nikasifia pazia.

Asubuhi ya kuondoka tulichelewa makusudi.
Tukanywa kahawa mara mbili. Tukaiombea injini homa.
Kivuko cha saa tatu kikaondoka saa tatu,
saa tatu kamili, sisi tumo ndani,
na shangazi amesimama gatini na ndoo mkononi,
sijui kwa nini alikuja na ndoo.