Kisanduku Kitupu

Bwana Mkaguzi,
kile kisanduku cha "Sababu ya kufeli"
nimekiacha kitupu. Sikusahau.

Azzan bin Muhenna, darasa la nne,
alisinzia katikati ya somo la sehemu,
mate yakalowesha nusu na robo.
Niligonga dawati lake kwa rula, karibu na sikio.
Liandike na hilo.

Usiku wa zamu yao nilimfuata mitendeni.
Saa tisa na robo, Ibra yote imelala,
naye kanzu kaikunja magotini, tope vidoleni,
anauziba mfereji wa falaji kwa jiwe na tambara.
"Athari moja ni nusu saa, mwalimu.
Sisi tuna moja na robo;
hiyo robo ni ya mjane wa ami.
Nikisinzia hapa, nimekula haki yake."

Athari.
Katika Kiswahili cha bibi yangu wa Ng'ambo
neno hilo ni alama inayobaki
mkono ukishaondoka.
Nilisimama gizani, rula ikiwa mkobani.

Jumapili nilimpa chaki. Akachora mfereji,
akanisahihisha mara mbili,
na Shinuna wa nyuma, ambaye tangu Septemba
sijaijua sauti yake, akauliza:
"Huyo mjane ana mitende mingapi?"

Hatukufika ukurasa wa arubaini na mbili.

Siku hizi, baada ya zamu, Azzan hulala
dakika ishirini za somo la kwanza,
shela yangu ya akiba chini ya shavu.
Wenzake hufungua madaftari polepole.
Ukija kukagua, Bwana,
mlango wetu unalia: uinue kidogo
kabla ya kuusukuma.