Daftari Lenye Mshono wa Kombo

Mwezi wa kwanza niliuza daftari moja,
na aliyelinunua ni mama mkwe wangu.
Alimtuma mtoto wa jirani na noti iliyokunjwa mara nne,
aseme ni la shangazi yake.
Niligundua mwezi wa nne, nilipokwenda kuazima sufuria:
lilikuwa chini ya vitambaa vya meza,
bado limefungwa kwa utepe wangu wa bluu.
Sikusema kitu.
Niliazima sufuria.

Chumba changu kiko chini ya ardhi, mjini Tartu,
karibu na mto ambao Februari hugeuka sakafu.
Gundi ya unga wa ngano haina haraka kule,
inakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilijifunza kushuka saa kumi na moja alfajiri,
kuwasha kuni, kupasha moto ubao kwanza,
kisha vidole, kisha mfupa wa kukunjia karatasi.
Kilichotangulia kupata moto kilikuwa tamaa,
nayo ilipoa yenyewe kabla ya Jumatano.

Bei niliipanga kwa aibu.
Karatasi yuro nne, uzi wa kitani senti sitini,
nta kidogo, kitambaa cha jalada.
Saa zangu sita sikuziandika popote.
Nani hulipia mgongo unaouma?

Sokoni, wiki mbili kabla ya Krismasi,
mzee Endel, mchonga vijiko wa meza ya pili,
alilinyanyua daftari akalipima kiganjani kama samaki.
"Hili kiasi gani?"
Kumi na mbili.
"Basi wewe ndiye unayewalipa walichukue."
Hakucheka. Akarudi kwenye vijiko vyake
akauza kimoja kwa ishirini na tano
bila hata kuvua kofia.

Usiku ule nilibandua vibandiko vyote.
Mkono ulinitetemeka nilipoandika tatu, kisha nane.
Kesho yake watu watatu walirudisha daftari mezani
taratibu, kama wanaorudisha mtoto aliyelala.
Wa nne alilipa,
akauliza kama ninalo jingine, la kijani.

Halafu ikaja harusi.
Madaftari themanini, herufi za dhahabu, siku tisa,
nami nikasema ndiyo
kwa kuwa hapana sikuwa nimejifunza kuitamka.
Mume wangu, Kaupo, ni fundi umeme;
usiku wa saba alikuwa ameshika msharasi
akitoboa mikunjo kwa uangalifu wa mtu anayeogopa shoti.
Majalada kumi na moja tuliyabandika miguu juu.
Bibi harusi alipenda kila kitu
na alilipa baada ya miezi mitatu na barua tano.
Sasa nasema: nusu kwanza, ndipo nichovye brashi.
Nasema kwa sauti ndogo, lakini nasema.

Machi niliitwa ofisi ya kodi.
Bi. Virve alisafisha miwani, akanyoosha mkono:
"Hesabu zako."
Nikamwaga mfuko mezani:
risiti, tiketi za basi zilizoandikwa nyuma,
mfuko wa mkate wenye mauzo ya Novemba,
kipande cha karatasi ya kunyonya wino.
Akavitazama muda mrefu.
"Na unatengeneza nini hasa?"

Mali bila daftari, jamani,
na mwenye madaftari ni mimi!
Nilisema polepole, nikiangalia viatu.
Bi. Virve alivaa miwani tena.
Nadhani alikuwa anauma shavu kwa ndani.

Nimechukua lile la mshono wa kombo,
lisilouzika, nililoliweka chini ya mguu wa meza
kuzuia meza isicheze.
Meza sasa inacheza.
Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe,
nikachora mistari miwili, ya kuingia na ya kutoka.
Kuingia: yuro kumi na mbili, mama mkwe.
Kutoka: saa sita.
Na pembeni, kwa penseli,
sufuria moja, ninapikia gundi,
haijarudi.