Matawi Barabarani

Juni, Uyole. Ukungu umekaa juu ya mashamba
kama mgeni asiyeaga.
Nimevaa makoti mawili, la juu ni la maabara.
Mezani kuna majani ya viazi kutoka Kikondo,
yaliyonyauka yangali kijani,
na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi:
Anyambilile, shamba la juu, mashina kumi na moja.

Vinasaba vya ugonjwa vimo ndani ya kompyuta sasa,
herufi nne zikijirudia mamilioni,
zimekatwakatwa kama barua iliyochanwa kwa hasira.
Programu ya kuziunga ni huria, haina bei,
imeandikwa na watu nisiojua hata wanakunywa nini asubuhi.
Nikaiendesha.
Ikasema: Imekamilika.
Nikafungua faili. Tupu.

Usiku wa pili: Imekamilika. Tupu.
Usiku wa tatu umeme ukakatika,
nikabaki na mwanga wa simu na mwongozo
uliosema, kwa utulivu wa mtu aliyeshiba,
"Andaa faili lako kama kawaida."
Kawaida ya nani?
Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofunzwa;
lakini saa nane za usiku
tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na ujinga.

Kosa, nilipolipata, halikuwa na umbo:
alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari,
iliyoachwa na kompyuta kuukuu ya mapokezi.
Nilicheka. Halafu nikalia kidogo.
Halafu nikatafuta chai.

Ningeweza kuishia hapo.
Mnyauko ulikwishapata jina,
Anyambilile angeambiwa apande mahindi pale juu.
Lakini lori linapokufa kwenye mteremko wa Iwambi
utingo ndiye hushuka kwanza,
dereva bado anatukana,
akavunja matawi, akayatandaza kwenye lami:
moja hapa, moja hatua ishirini nyuma,
moja kabla ya kona.
Hamjui anayekuja.
Kufika asubuhi matawi yamesagwa kuwa unga wa kijani
na hakuna anayeuliza nani aliyavunja.

Basi nikaandika mistari minne
kwa Kiingereza changu kinachochechemea:
kabla hujaanza, safisha mwisho wa kila mstari;
programu haitakuambia,
itasema imekamilika.
Mtunzaji wake, mtu wa nchi ya theluji,
alinirudishia mara mbili. Nafasi imezidi. Koma haipo.
Mara ya tatu akaipokea, akauliza:
unaweza kuuandika mwongozo wote kwa lugha yako?

Hapo ndipo kazi ilipoanza.
Vile vipande vifupi vikishaungwa, tuviiteje?
Gwamaka, aliyeko Iringa, alisema "kiraka".
Nikamjibu, kiraka huficha tundu.
Akasema "kiungo".
Nikamjibu, hicho kiko jikoni, kwenye pilau.
Tukabishana siku tisa juu ya neno moja
ambalo labda watu saba watalisoma,
mpaka akaandika, bila salamu, usiku:
"Ugwe. Nyuzi fupi zikisokotwa huwa ugwe."
Nililitamka peke yangu kama anayeonja mchuzi.
Tukaliweka.

Miaka miwili imepita. Novemba, mvua za kwanza,
kompyuta mpya, mwanafunzi mpya, Tusekile,
ananiita kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe.
Imekamilika. Tupu.
Na mimi, nisamehewe, sikukumbuka chochote.
Tuliufungua mwongozo tukiwa tumeinama pamoja,
tukashuka, tukashuka,
tukakuta mistari minne.
Tusekile akasema, aliyeandika hapa
alikuwa amechoka sana, ila anatujali.
Nikaitikia, ndiyo, anaonekana hivyo,
nikaendelea kusoma
mpaka nikaifikia, katikati ya mstari wa tatu,
koma isiyokuwa yangu.