Mizani ya Malaba

Saa kumi na mbili alfajiri namkabidhi Obbo zamu:
funguo, tochi, daftari la malori yaliyozidi.
Usiku kucha nimepima saruji, chumvi, mabati,
dereva mmoja akiapa kwa kaburi la mama yake
kwamba tani mbili zile ni umande.

Nyumbani siwashi redio.
Nanawa miguu, kisha uso, kwa mpangilio huo;
sijui kwa nini, ila siku niliyogeuza
nilikaa hadi saa nne na neno "lakini" peke yake.
Nyachwo ameshakwenda shule. Kikombe chake kina vuguvugu bado,
namimina chai yangu humo humo, bila kukiosha.
Penseli naichonga kwa wembe,
maana wembe unamtaka mtu atulie.
Mama Nyadoi wa chumba cha pili anadhani nasali.
Simkatazi.

Karatasi ni risiti za kazini, zilizoharibika.
Mbele: ekseli tatu, kilo elfu ishirini na sita.
Nyuma: ubeti mmoja. Si zaidi,
hata kama maneno yamepanga foleni hadi lango la forodha.
Nahesabu kwa vidole, gumba zikikaa kando,
nane kwenda, nane kurudi.

Kuna asubuhi neno haliji.
Hapo naandika walichobeba madereva,
Wandera vitunguu, Emojong mbao,
mpaka penseli isahau kwamba inalazimishwa.

Tulipomzika Owora, niliandika mizigo miezi mitatu.
Saruji. Chumvi. Mabati. Saruji.
Lakini nilinawa miguu, kisha uso.
Nilichonga. Nilikaa.
Siku ya tisini na kitu, nyuma ya lori la samaki,
mshororo ukatoka wenyewe:

*Owora kaka wa kwetu, viatu bado mlangoni.*

Nikahesabu. Nikarudia. Nikahesabu kwa sauti.
Kumi na saba.
Ningeandika "vi" mahali pa "bado"
na uzito ungekaa sawa, kwa sheria,
ila mzigo wote ulikuwa umepakiwa humo, kwenye "bado".

Mimi, ninayerudisha lori kwa gunia moja,
ninayeitwa jiwe na matingo wa Malaba yote,
niliinua kizuizi,
nikauacha upite.

Kisha nikalala. Jioni ile nilikuwa na zamu.