Nimeona Katikati Tu

Mimi mwanzo siujui. Mwanzo wanakuja na njaa,
wananizunguka hapa mlangoni pa banda la Famau,
viazi karai vya kumi, vya ishirini, ukwaju uzidishe.
Na mwisho siujui: wanatoka na njaa tena.
Kwa hiyo katika sinema za mashujaa
mimi ni mtaalamu wa katikati.

Pazia la banda ni leso kuukuu,
jina lake limefutika, limebaki "watasema" peke yake.
Upepo ukiinua upindo, ninamwona:
mwanamume mzima kabanwa na nguo ya mpira
kuanzia kisogoni hadi kwenye vidole,
na joto hili la Machi, Malindi hii, Maweni hii,
angeamka na harara mwili mzima.

Anaruka. Sawa, aruke.
Lakini akitua lazima avunje kitu.
Jana nimehesabu madaraja mawili, basi la shule,
na duka la mtu la miwani.
Mwenye duka hakuulizwa.
Mimi askari wa kaunti walinimwagia mafuta mwaka juzi,
wakaja kusafisha mji, walisema,
nikalipa na faini juu.

Na hawali! Tangu nianze kuchungulia
sijamwona hata mmoja akimega kitu.
Dunia inaokolewa kwa tumbo tupu,
ndiyo maana wana hasira vile.

Anayewaponya ni Kenga, mtoto wa Barani,
anayekaa na maikrofoni kando ya televisheni.
Kizungu chao anakimwaga nje kama maji ya kuoshea samaki,
anaweka chetu: "Huyu jamaa katoka Mambrui
kuja kudai deni lake la baiskeli!"
Lile dubwana la chuma linalotaka kumeza jua
kalipa jina la chifu aliyestaafu.
Watoto wanacheka mpaka mabati yanatetemeka.
Kicheko kile ningekilipia.

Binti yangu Nyevu anasema sielewi,
hii ni ya saba, lazima kwanza uone sita.
Nikamwambia hata mkopo wa chama
hauna masharti hayo.
Mwenyewe napenda tamthilia za Kituruki kwa jirani,
mtu anashika kitasa cha mlango
na muziki unalia dakika tatu hajaingia bado.
Lakini pale angalau wanakunywa chai.

Juzi mvua ikaja bila hodi, makaa yakalowa.
Nikanawa mikono, nikampa Famau ishirini kama wateja wengine,
nikakaa benchi la mbele, kati ya Kitsao wa fundi cherehani
na kijana mmoja ninayemdai thelathini
aliyetazama mbele muda wote kama yuko msikitini.

Mwanzo, basi, nikauona.
Shujaa ni mtoto. Meno ya mbele yamengʼoka.
Mama yake amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu,
anamwambia neno refu
(Kenga alinyamaza, hakulitafsiri),
halafu dakika ya nane, gari, moto,
mama kwisha.
Hata maziko hawakuonyesha.

Nikamuuliza Kitsao, ni hii tu ndiyo hivi?
"Zote, mama. Asipokufa, ataanzaje kuruka?"
Alisema huku anamenya njugu, macho kwenye kioo.

Kumbe.
Miaka minne nachungulia
nikijiuliza mbona hakuna wa kumwambia
vua hiyo nguo nikufulie,
mbona usiku wote ule yuko juu ya maghorofa
na simu haiiti.

Sikungoja mwisho. Mvua ilikuwa imekatika,
nikapepea makaa kwa kipande cha boksi
mpaka yakakubali.
Kitsao akatoka wa kwanza, mkono mbele:
cha kumi, na pilipili.
Nikamwekea viwili.
"Usiende navyo," nikamwambia.
"Kula hapa hapa, nikuone."