Dakika Kumi na Moja

Kengele ya kiwanda cha sabuni, pale Gungu,
hulia saa moja na nusu.
Mimi husimama mlangoni na daftari,
kalamu nyekundu sikioni.

Ntabindi huwa wa kwanza kufika langoni
na wa mwisho kufika kazini.
Kati ya lango na pipa lake kuna watu tisa,
na kila mmoja sharti apigiwe makofi ya taratibu,
viganja vimebinuka kama vinakinga maji:
Mwakeye. Mwakeye neza.
Umeamkaje? Watoto wameamkaje?
Yule mwenye surua?
Mbuzi wa shangazi, amezaa?
Na mkono ule ulioungua Alhamisi?
Na koki ile inayovuja usiku, imeamkaje?

Dakika kumi na moja.
Nilizihesabu siku ishirini na mbili,
nikazijumlisha: saa nne na dakika mbili
za mwajiri, zimeliwa na umeamkaje.
Nikamwita ofisini. Akatazama sakafu.
Nikaandika: Haangalii usoni. Anaficha jambo.
Kwetu Same mama alinifunza
kuwa mkweli hukutazama machoni.
Hakunifunza kuwa yako macho yanayoinama
kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Nikabandika karatasi:
SALAMU ZIISHIE NJE YA LANGO.

Na Etabo wa zamu ya usiku, mtu wa ng'ambo ya ziwa,
alipoanza kunipa taarifa, "mama, nilishaka kutia..."
nilimkata kauli: Sema Kiswahili, baba.
Alifunga mdomo
kama mtu aliyepokonywa kijiko.
Tangu hapo akawa wa kutikisa kichwa tu.

Wiki mbili za utulivu.
Niliusifu utulivu ule kwenye ripoti.

Jumanne, pipa la tatu.
Etabo alishatia magadi alfajiri. Hakusema.
Ntabindi akatia tena. Hakuuliza;
kuuliza kungeanza na mwakeye.
Mawese, mekundu kama udongo wa Kasulu,
yakafura, yakageuka weupe wa mgonjwa.
Zaituni akagusa kipande kwa ncha ya ulimi,
kama afanyavyo mwaka wa kumi na tisa huu,
akatema,
akasema neno ambalo haliandikiki hapa.
Miche mia nne tukaifukia.
Na vidole viwili vya Ntabindi, ngozi ilitoka.

Kwenye benchi la zahanati nilimuuliza:
Mbona hukumuuliza mwenzio?
Akatazama sakafu.
Safari hii nami nikaitazama.
Ilikuwa na ufa, na siafu wawili.
Ndipo akaanza kuzungumza.

Makao makuu walituma mwezeshaji,
fulana za kijani, chati yenye duara nyingi,
chai na maandazi kwa siku mbili.
Tukarudia kwa pamoja: Tofauti zetu ni nguvu zetu.
Etabo akanyoosha mkono, akauliza posho.
Ndilo swali pekee lililoulizwa.

Karatasi niliibandua mwenyewe.
Gundi haijatoka mpaka leo.

Siku hizi nami napiga makofi.
Yangu yanalia kama ya mtu anayefukuza kuku,
na watu tisa wanacheka mpaka wanashika mapipa.
Zaituni huvikunja vidole vyangu, kimoja kimoja:
Hivi, mama. Usimpige mtu kofi, mpe.
Kisha namgeukia Etabo. Pipa la tatu?
"Nilishaka kutia."
Naandika hivyohivyo: nilishaka.

Fomu bado ina safu ya Dakika Zilizopotea.
Makao makuu wameuliza mara mbili.
Sijajibu.

Jana Ntabindi, mkono mmoja ungali na bandeji,
alipiga makofi ya mkono mmoja pajani, akainama:
Na goti la mama yako, kule Same, limeamkaje?

Sikumbuki kumwambia.
Labda siku moja nilizungumza na simu kwa sauti,
mtandao ukiwa mbaya, nikidhani niko peke yangu.
Miezi minane niko Kigoma,
siku tisa sijapiga nyumbani.
Sikujua limeamkaje.

Nikatoka nje ya lango na simu mkononi.
Kengele ilikuwa imeshalia.